Mgeni na Mji wa Kale

Wahenga walituachia methali mbili juu ya mgeni, na aghalabu twazisema bila ya kuona kwamba zinavutana. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kuwa ujio wa mgeni ni heri kwa nyumba, kwani macho yake mapya huona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalioni tena. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kuwa siku za mwanzo mgeni ni mtazamaji tu. Haijui nyumba mpaka ameshika mpini na kutoka jasho pamoja na wenyeji wake. Methali ya kwanza yalisifu jicho la mgeni, na ya pili yalitilia shaka. Baina ya hizi mbili pana swali ambalo kijana hana budi kulifikiri kabla hajafunga mzigo wake wa safari. Je, mtu atazamaye mahali kwa siku yake ya kwanza huona kweli, au huona uso wa kweli tu? Na kama akionacho ni uso, ana wajibu gani kabla hajafungua kinywa kusifu au kulaumu?

Swali hili si la matajiri watembeao kwa anasa. Ni letu sisi wa Kericho na Bomet kwa namna mbili. Kwanza, vijana wetu husafiri. Wako waendao ng'ambo kwa masomo, wako waendao kwa kazi ya uuguzi, na wako waitwao na miguu yao katika mashindano ya mbio. Pili, wageni huja kwetu. Kila siku iendayo kwa Mungu magari hupita katika barabara ya Nakuru na ya Kisumu, na waliomo ndani hutazama nchi yetu kwa saa moja au mbili, wakaenda zao na maneno ya kuwasimulia wenzao. Basi sisi ni watazamaji, na sisi ni watazamwao. Mtu aliye pande zote mbili za dirisha ana nafasi njema ya kupima haki ya dirisha lenyewe.

Natuanze upande tuujuao. Mgeni afikapo Kericho huona mashamba ya chai yakienda mbele yake, kilima juu ya kilima, kama mkeka mmoja wa kijani uliotandikwa na kunyoshwa. Hewa ni baridi, kwa kuwa nchi iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 2,000. Alasiri mawingu hukusanyika, mvua hunyesha, na baada ya mvua kila jani humetameta. Mgeni hushuka garini, hupiga picha, kisha husema, "Mahali hapa ni bustani." Je, amesema uongo? Hakusema uongo. Kericho ni nzuri, na mwenyeji akataaye uzuri wa kwao hana shukrani.

Lakini yako mambo mgeni huyu hakuyaona, na la kwanza liko mbele ya macho yake. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu. Huo usawa aupendao, huo mkeka ulionyoshwa, si tabia ya mmea. Ni alama ya mikono. Kila kichaka kimekatwa, kikachumwa, na kuchumwa tena, kwa miaka mingi. Mchumaji huamka kabla ya mapambazuko, hutia kikapu mgongoni, akaingia katika umande uliofika kiunoni. Vidole vyake hutafuta majani mawili na chipukizi lake, hukata, hutupa nyuma, na kutafuta tena, mpaka saa ya kupeleka majani kwenye mizani. Mkulima mdogo naye hubeba majani yake hadi kituo cha kununulia, akangoja gari, akangoja malipo ya mwezi, akangoja na bonasi ya mwaka. Siku hizi katika mashamba makubwa mashine nazo huchuma, na mahali pa mikono mingi pamebaki mikono michache. Mgeni alitazama kazi hii yote akaiita mandhari.

Jambo la pili limefichwa na wakati. Chai si mmea wa asili ya nchi hii. Katika Kenya ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yakaanza kuipanda Kericho. Ardhi waliyoipanda haikuwa tupu. Ilikuwa na watu, ng'ombe, na makaburi. Serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakipsigis katika sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa bora kwa kilimo, na wengi wakarudi kama vibarua mahali walipokuwa wenyewe. Mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai, ambao serikali iliogopa nguvu ya uongozi wao, walihamishwa kwa amri ya sheria hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, katika joto na maradhi ambayo hawakuyazoea. Madai ya watu hawa hayakufa pamoja na wazee wao. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba haki haijatendeka, na mwaka uliofuata madai hayo yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hakuna dirisha la gari liwezalo kumwonyesha mgeni mambo haya.

Kwa hivyo sisi wenyeji hupata uchungu kidogo tusikiapo sifa za haraka. Hatuchukii kusifiwa. Twachukia kusifiwa na mtu ambaye hakuuliza. Shikeni neno hili, kwa kuwa sasa tutageuka, na kipimo kile kile tulichompimia mgeni kitatumika kutupimia sisi.

Tumwazie kijana wa Bomet aliyefika London. Amelala usiku mmoja, na asubuhi ametoka peke yake kwenda kuutazama ule mji wa kale ulio katikati ya mji mkubwa, ambao wenyeji huuita City. Ni mahali ambapo Warumi walijenga karibu miaka 2,000 iliyopita. Hana mtu wa kumwongoza. Ana viatu vyema, ramani, na siku moja. Ataona nini?

Ataona kwanza nguzo ya mawe iliyo ndefu, mita 62 hivi, yenye ngazi 311 ndani yake. Nguzo hii ilijengwa baina ya mwaka 1671 na 1677 kuwa ukumbusho wa Moto Mkuu. Moto huo ulianza tarehe 2 Septemba, 1666, katika tanuri la mwoka mikate wa Pudding Lane, ukawaka siku nne au tano, ukateketeza nyumba 13,200 hivi na makanisa 87. Kijana wetu atapanda ngazi zile, na huko juu, kwa pumzi za mtoto wa milimani, ataona mji umejaa chini yake, na mto Thames ukipita, na atastaajabu.

Wako watu wasemao kwamba Mwafrika hana haki ya kustaajabia miji ya Ulaya; kwamba kustaajabu ni kujidhalilisha. Maneno hayo hayana msingi. Mshangao ni adabu ya akili mbele ya jambo kubwa. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alikwenda London pamoja na katibu wake Ham Mukasa kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Ham Mukasa aliandika habari za safari ile kwa Kiganda, na mwaka 1904 zilitolewa kwa Kiingereza. Watu wale wawili walistaajabu waziwazi, wala hapana asemaye kwamba kwa kustaajabu Katikiro aliacha kuwa Katikiro. Mtu asiyejua kustaajabu hawezi kujifunza, kwa kuwa elimu huingia kwa mlango huo.

Lakini nguzo ile ina funzo jingine, na hili halionekani kutoka juu. Baada ya moto watu wa London walikuwa na hasira, wakatafuta wa kulaumiwa. Mfaransa mmoja, Robert Hubert, alikiri kwamba yeye ndiye aliyewasha moto, akanyongwa katika Oktoba ya mwaka ule ule. Baadaye ikafahamika kuwa moto ulipoanza hakuwa ameshuka bado katika ardhi ya London. Aliponzwa na maneno yake mwenyewe, na pia na macho ya wenyeji waliomtazama mgeni kwa haraka, wakaona walichotaka kuona. Tena, mwaka 1681 yaliongezwa katika maandishi ya nguzo ile maneno ya kuwasingizia Wakatoliki kuwa ndio waliouteketeza mji. Maneno hayo yalikaa pale, yakasomwa na kila mpita njia, mpaka yalipofutwa kabisa mwaka 1830.

Fikirini basi. Msafiri aliyefika mwaka 1700, akasimama chini ya nguzo ile, akasoma kwa makini, alirudi kwao na uongo uliochongwa katika jiwe. Hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga. Alitazama kwa bidii akasadiki alichokiona. Hili latuonyesha kwamba jicho la siku ya kwanza, hata likiwa kali namna gani, halitoshi. Mji huwaambia wageni wake yale mji upendayo kuambiwa. Mawe nayo yana wenyewe, na wenyewe wana sababu zao.

Kutoka nguzoni kijana wetu atakwenda kwa miguu hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, lililojengwa baina ya mwaka 1675 na 1710 mahali pa lile lililoungua. Msanifu wake alikuwa Christopher Wren. Kuba lake limepanda juu mita 111. Ndani, katika sehemu ya chini, pana kaburi la Wren mwenyewe, na juu yake yameandikwa maneno ya Kilatini yenye maana kwamba msomaji akitafuta ukumbusho wa mtu huyu, na atazame pande zote zinazomzunguka. Ni neno zuri, tena ni neno la haki, Wren alistahili. Walakini mtu aliyelelewa katika nchi ya chai hawezi kulisoma bila ya kuuliza jambo la pili. Nani aliyechonga mawe? Nani aliyeyavuta juu kwa kamba? Fedha zilitoka wapi? Swali la mwisho lina jibu: sehemu kubwa ilitoka katika kodi ya makaa ya mawe yaliyoingia London. Basi kila maskini aliyekoka moto wakati wa baridi alichangia kuba lile, apende asipende. Majina yao hayakuandikwa kaburini. Lakini wao nao wangeweza kusema: Kama watafuta ukumbusho wetu, tazama pande zote. Na mchumaji wa Kericho angeweza kusema vivyo hivyo akiwa amesimama katikati ya shamba.

Hapa ndipo ilipo maana ya ile methali ya watu wa pwani, Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu wa milimani kama mimi huenda hakuwahi kuunda chombo, lakini maana yake haitaki bahari. Kila kitu kinachosimama mbele yetu kwa utulivu kimeundwa na mtu, kwa gharama, na gharama hiyo imelipwa na mtu fulani. Kuona chombo kikielea ni kazi ya jicho. Kumkumbuka fundi ni kazi ya moyo. Na mtazamaji aliyefanya kazi ya jicho peke yake amefanya nusu ya kazi.

Baada ya mchana kijana wetu atapita katika njia moja fupi iitwayo Mincing Lane. Hapana mengi ya kutazama pale siku hizi. Ni majumba ya ofisi, na watu wanaokwenda upesi. Wageni wengi hupita bila ya kugeuza shingo. Lakini kwa mtoto wa Kericho au Bomet hapana njia nyingine katika London yenye maneno mengi kuliko hii. Chai iliuzwa kwa mnada katika London tangu mwaka 1679, na tangu miaka ya 1830 Mincing Lane ilikuwa moyo wa biashara hiyo. Chai ya Bara Hindi, ya Ceylon, na baadaye ya Kenya, ilionjwa na kutajiwa bei na watu wa mtaa huu. Mnada wa mwisho wa London ulifanyika tarehe 29 Juni, 1998. Sasa chai yetu huuzwa Mombasa, katika mnada ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969. Kwa hivyo yako majani yaliyochumwa na mikono ya babu na bibi zetu, ambayo bei yake ilitamkwa katika mji ambao wao hawakuuona kamwe, na watu ambao hawakuyajua majina yao. Kijana asimamaye pale si mgeni mtupu. Watu wake walifika kabla yake ndani ya masanduku.

Na kama siku haijaisha, atapanda gari la moshi kwenda mashariki, kwenye magati ya West India yaliyofunguliwa mwaka 1802. Jina lake latuambia mzigo wake: sukari ya visiwa vya West India, iliyolimwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Katika ghala moja la zamani pana jumba la makumbusho liyaelezayo mambo hayo bila ya kuficha. Mbele yake ilisimama sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara aliyemiliki watumwa, ambaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa magati yale. Mwezi Juni, 2020, sanamu hiyo iliondolewa. Yafaa tuone kwamba mji wenyewe ulikuwa umeanza kuuliza juu ya mafundi wake na gharama zake. Mgeni aulizaye hayuko peke yake. Amejiunga na wenyeji waulizao.

Sasa jua limetua, na kijana amerudi chumbani na miguu iliyochoka. Ana mambo mawili moyoni, uzuri na gharama yake. Afanyeje nayo? Ziko njia mbili nyepesi, na zote mbili ni mbaya.

Njia ya kwanza ni kusahau gharama na kubaki na uzuri. Afuataye njia hii hurudi nyumbani akidharau kila kitu. Nyumba za kwao ni duni, lugha ya mama yake ni ya washamba, barabara ni matope. Amekuwa mtumwa wa mshangao. Hakuna aliyemfunga, amejifunga mwenyewe kwa kamba ya macho yake.

Njia ya pili ni kusahau uzuri na kubaki na gharama. Afuataye njia hii hatazami kuba ila atatema mate. Kila jiwe kwake ni wizi, kila mwenyeji ni mwizi, hata mzee auzaye magazeti pembeni mwa barabara ambaye babu zake walikuwa wakibeba mawe. Huyu ni mfungwa wa hasira. Huona kwamba amesimama juu ya kweli, na kweli nusu anayo. Lakini hasira isiyochagua hutenda lile lililotendwa kwa yule Mfaransa. Huhukumu mtu kwa sura yake, kabla ya kuuliza alifika lini.

Ili kujua kwamba njia hii ya pili haifai, na tulipeleke swali lile lile karibu zaidi, katika mji wa kale ulio wetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni fahari ya Afrika Mashariki yote. Mwaka 2000 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Milango yake iliyonakshiwa na mitaa yake myembamba humfurahisha kila mgeni. Lakini utajiri ulioujenga ulitoka kwa sehemu kubwa katika karafuu, na pembe za ndovu, na watumwa. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Je, tuuchukie Mji Mkongwe? Tuubomoe? Hapana mtu wa pwani wala wa bara atakayekubali. Tutasema: mji huu ni mzuri, na waliouumia ni wetu, na waliowaumiza nao walikuwa miongoni mwetu, na ni lazima yote matatu yasemwe kwa pumzi moja. Vema. Basi kipimo hicho hicho twakipeleka London. Mwenye kutumia mizani mbili, moja ya kwao na moja ya ugenini, hapimi, anapunja.

Mtu atanipinga aseme: "Mwalimu, unayoyataka hayawezekani. Kama kila mara nitauliza nani aliumia ili kitu hiki kiwe kizuri, sitafurahia chochote maishani. Hata kikombe cha chai kitakuwa kichungu." Ni hoja yenye nguvu, nami sitaipuuza. Lakini kwa uzoefu wetu sisi wenyewe, mambo hayako hivyo. Nani afurahiaye chai zaidi: mtu asiyejua imetoka wapi, au mama aliyeichuma asubuhi, akarudi jioni, akatia maziwa jikoni, akakaa na watoto wake kuinywa? Kujua kazi iliyomo katika kitu hakuondoi utamu wake. Huondoa wepesi wa kukitumia ovyo. Anywaye akijua hashindi akimwaga. Kadhalika atazamaye mji akijua hashindi akiudharau wala akiuabudu.

Mwingine atasema: "Siku moja ni fupi. Mgeni hawezi kujua historia ya miaka 2,000 kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni." Ni kweli, na mimi simdai ajue. Namdai aache nafasi. Tofauti baina ya mgeni mwema na mgeni mbaya si wingi wa maarifa, bali ni namna ya kukaa na ujinga wake. Mgeni mbaya huujaza ujinga wake kwa hukumu. Mgeni mwema huujaza kwa maswali, na lile lisilojibiwa hulibeba mpaka siku nyingine. Swali moja la kweli kwa mwenyeji mmoja, likiulizwa kwa heshima na kusikilizwa mpaka mwisho, ni bora kuliko picha mia.

Iko kazi moja zaidi, nayo ni ya kurudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alizuru Uingereza, akaona mji mkubwa na mitambo yake. Aliporudi hakukaa barazani akisimulia tu. Alitia maji safi ya mabomba katika mji wake, na mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, jumba la ajabu lililoukabili bahari. Barghash hakuwa malaika, na baadhi ya gharama za fahari yake tumekwisha kuzitaja. Lakini katika jambo hili alifanya vema: aliligeuza jicho la mgeni kuwa mkono wa mwenyeji. Maji yale yalinywewa na watu ambao hawakusafiri kamwe. Na tukumbuke pia kwamba tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya jumba lile iliporomoka lilipokuwa likitengenezwa, na watu wakapoteza maisha. Kilichojengwa hakijijengi tena chenyewe. Kila kizazi hudaiwa mikono yake, iwe kwa kuba, iwe kwa jumba, iwe kwa kichaka cha mchai.

Twaweza sasa kurudi kwenye methali zetu mbili tuone kama kweli zinavutana. Mgeni njoo, mwenyeji apone: jicho jipya lina thamani, nalo liachwe listaajabu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: lakini thamani hiyo ni ya muda, na yataka kukamilishwa kwa kazi. Methali hizi hazipingani. Zimefuatana kama usiku na mchana. Siku ya kwanza ni ya macho. Aliye mwadilifu huitumia akijua kwamba siku ya tatu ipo, hata kama yeye hatakuwapo kuiona.

Nawausia vijana maneno machache. Mwendapo katika mji wa watu, staajabuni bila ya haya, na ulizeni bila ya chuki. Tafuteni mahali ambapo jasho la kwenu limechanganyika na mawe yao, kwa kuwa karibu kila mji mkubwa wa ulimwengu una Mincing Lane yake. Msiamini kila kilichoandikwa katika jiwe, wala msikane kila kilichojengwa na adui. Na mkiwa nyumbani, mkamwona mgeni ameshuka garini akiyatazama mashamba na kusema kwamba nchi hii ni bustani, msimcheke wala msimkasirikie. Mwamkieni, "Chamgei." Kisha mwonyesheni mchumaji aliye kule bondeni, mnong'onezeni kwamba ule usawa umekatwa kwa mikono, na mngojeni aulize swali lake la kwanza.